Kumi Sawa na Nane? Mafumbo ya Hesabu Zisizowezekana

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, chukua kiberiti. Toa njiti 10 uzipange mbele yako, mezani au juu ya mkeka, zisomeke hivi: XI + I = X. Alama ya kujumlisha itachukua njiti 2, alama ya usawa njiti 2, na zilizobaki ni tarakimu za Kirumi, zile zinazoonekana katika saa kubwa za ukutani za zamani. Maandishi hayo yanasema kwamba kumi na moja kuongeza moja ni sawa na kumi. Ni uongo ulio dhahiri, na mtoto wa darasa la pili atakucheka. Kazi yako ni kuufanya uongo huo kuwa kweli bila kuongeza njiti, bila kupunguza, na bila kuigusa hata moja.

Fumbo hilo nililitega jioni moja mjini Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, barazani kwa mwenyeji wangu, mkulima wa mpunga ambaye wakati usio wa kilimo hutengeneza baiskeli. Watoto walijipanga upande wangu wa mkeka. Mkubwa wao, mvulana wa darasa la sita, alijikuna kichwa, akainama, akaomba walau ruhusa ya kuhamisha njiti moja tu. Nikamkatalia. Bibi yao, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa ameketi upande wa pili akipepeta mchele.

"Mnahangaika nini, wajukuu zangu?" aliuliza bila kuuacha ungo. "Kwangu huku hesabu iko sawa."

Watoto wakakimbilia upande wake, wakatazama, na kelele zikaanza. Kutoka alipoketi bibi njiti zilisomeka X = I + IX, yaani kumi ni sawa na moja kuongeza tisa.

"Bibi, umetuibia!"

"Sijamwibia mtu. Nimekaa tu."

Alama ya usawa iliyowasumbua watoto wale si ya kale sana. Iliwekwa kitabuni mwaka 1557 na Robert Recorde, tabibu na mwalimu wa hesabu kutoka Wales, aliyechoshwa na kuandika maneno yale yale ya "ni sawa na" katika kila mstari. Akachagua mistari miwili ya urefu mmoja inayokwenda sambamba, kwa kuwa aliona hapana vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Tangu hapo mlinganyo umekuwa kama mizani yenye sahani mbili. Lakini mizani hupima vitu, na tarakimu peke yake si kitu. Ukiniambia tano, nitakuuliza tano nini: tano kuku, au tano maembe? Mafumbo mengi ya hesabu zisizowezekana yamejengwa juu ya neno hilo moja lililonyamaziwa.

Tuanze na saa. Mtoto wa Kitanzania huishi na mlinganyo usiowezekana hata kabla hajajua kuandika. Mshale mfupi ukiwa juu ya 7, yeye husema saa moja. Ukiwa juu ya 8, husema saa mbili. Macho yanaona saba, mdomo unatamka moja, wala hapana anayeshangaa. Sisi huanza kuihesabu siku jua linapochomoza, na kwa kuwa nchi yetu iko karibu na ikweta, mwaka mzima jua halihami sana kutoka saa 12 ya asubuhi. Wazungu huanza kuihesabu usiku wa manane. Tofauti ni 6, na tumeizoea kiasi cha kuisahau.

Sasa tuseme abiria anapanda treni ya TAZARA saa 4 usiku, na mwendo wake ni wa saa 9. Atashuka saa 1 asubuhi. Kwa hiyo 4 + 9 = 1. Mwenzake anayehesabu kwa Kizungu ataandika 10 + 9 = 7. Karani wa stesheni, ambaye ratiba yake ni ya saa 24, ataandika 22 + 9 = 7. Milinganyo yote mitatu haiwezekani, na yote mitatu ni ya kweli, maana abiria ni yule yule na behewa ni lile lile. Wanahesabu wana utaratibu kamili wa hesabu za namna hii ambamo namba hufika mwisho wa duara na kuanza upya. Aliyeupa alama na kanuni zake ni Mjerumani Carl Friedrich Gauss, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1801, naye alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwandishi wa safu hii amewahi kuyalipia maarifa hayo kwa nauli. Nilikata tiketi ya basi iliyoandikwa 12:00, bila neno jingine. Nikaamka kwa raha zangu, nikanywa chai, nikaaga watu, nikafika kituoni saa tano na nusu mchana nikiwa nimejisifu moyoni kwa kuwahi. Basi lilikuwa limeondoka saa 12 alfajiri. Kijana wa tiketi alinitazama kwa huruma, akasema, "Kaka, kumi na mbili ni kumi na mbili." Sikuwa na la kumjibu. Kumi na mbili ilikuwa sita, na mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza: kumi na mbili ipi?

Jina la mtaa wa Viwanja Sitini nalo ni fumbo kwa mpenda hesabu. Sitini ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa 1, 2, 3, 4, 5 na 6, na Wababeli wa kale waliipenda hata wakaifanya msingi wa kuhesabia. Ndiyo maana hadi leo dakika 60 ni saa 1, na sekunde 60 ni dakika 1. Viwanja 60 ungeweza kuwagawia watoto 2, au 3, au 4, au 5, au 6, na pasiwe na ugomvi. Ugomvi ungeanza akizaliwa wa saba.

Mambo ya kugawana ndiyo yanayotufikisha kwenye mafumbo mazito zaidi. Katika nchi nyingi husimuliwa hadithi ya mzee aliyeacha ngamia 17. Ifakara hakuna ngamia, lakini baiskeli ni nyingi mno, basi tuseme fundi mmoja mzee aliacha baiskeli 17 na wosia: mtoto wa kwanza apate nusu, wa pili apate theluthi, wa tatu apate tusui, yaani sehemu moja ya tisa. Nusu ya 17 ni baiskeli 8 na nusu. Nani atakubali kupewa nusu ya baiskeli? Theluthi ya 17 haitoki, tusui nayo haitoki. Ndugu wakakunjiana nyuso. Akaja jirani akisukuma baiskeli yake mwenyewe, akaiegemeza pamoja na zile nyingine. Sasa zikawa 18. Nusu ni 9, wa kwanza akachukua. Theluthi ni 6, wa pili akachukua. Tusui ni 2, wa tatu akachukua. Tisa na sita na mbili ni kumi na saba. Ikabaki moja, jirani akaipanda akaenda zake nyumbani.

Watoto wa Viwanja Sitini walilitaka tena na tena fumbo hilo, maana linafanana na kiinimacho. Siri yake iko katika wosia. Nusu, theluthi na tusui ukizijumlisha hupati kitu kizima. Unapata sehemu 17 katika 18. Mzee hakugawa mali yote. Alisahau sehemu moja katika kumi na nane, na jirani alichofanya ni kuwagawia watoto kile kilichosahauliwa, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Ndiyo maana wote watatu walipata zaidi ya walichoandikiwa, na hapana aliyenung'unika.

Lakini mambo yakiwa kinyume, mafungu yakizidi mali, itakuwaje? Hapa hatusimulii hadithi. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo familia nyingi za nchi yetu huifuata, mafungu ya warithi yamewekwa. Mume amekufa, akaacha mke, mabinti wawili, baba yake na mama yake. Fungu la mke ni thumuni. Mabinti wawili kwa pamoja wana theluthi mbili. Baba ana sudusi, na mama ana sudusi. Tuseme alichoacha ni shamba la ekari 24. Mke apewe 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: ekari 27 kutoka shamba la ekari 24! Ardhi haivutwi kama mpira.

Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Kwa hiyo mas'ala hii huitwa ya mimbari, na njia yenyewe wanazuoni huiita awli. Thumuni sawa na tusui, yaani moja ya nane sawa na moja ya tisa! Maana yake ni hii: shamba lisikatwe vipande 24, likatwe vipande 27, na kila mrithi achukue idadi ile ile ya vipande aliyostahili. Mke atachukua vipande 3, ambavyo sasa ni ekari 2 na theluthi mbili badala ya 3. Mabinti watapata ekari 14 na tusui mbili. Baba na mama kila mmoja atapata ekari 3 na tusui tano. Ukizijumlisha zitarudi kuwa 24 kamili. Upungufu umewashukia wote kwa kadiri ya mafungu yao. Haukutwishwa mjane peke yake kwa kuwa ndiye asiye na sauti. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ya yaliyofuata barazani pale.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Yule mvulana wa darasa la sita akaenda ndani, akarudi na daftari lake la hesabu.

"Mjomba, na mimi nina fumbo langu. Sijapata jibu."

Katika ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: 10 = 8.

Nilifikiri kwanza ni mchezo. Bibi akalichukua daftari, akalipindua juu chini, akacheka kidogo. "Hili halipinduki." Akauliza kama ni la saa. Mvulana akasema si la saa. Bibi akauliza kama amegawanya kwa sifuri, maana watoto wajanja huandika kwamba 10 mara 0 ni sawa na 8 mara 0, kisha wakazifuta sifuri pande zote mbili kana kwamba ni namba kama nyingine, wakabaki na 10 = 8. Mvulana akasema hapana, hakufuta kitu.

"Basi ni kumi nini, na nane nini?" bibi aliuliza.

"Magunia, Bibi. Ya baba."

Mwenyeji wangu, ambaye muda wote alikuwa akikaza spoku za gurudumu, alinyamaza. Mvulana akaeleza. Msimu ule waliopima mpunga nyumbani walikuwa wao watoto, kwa debe. Walipata debe 60 za kuuza. Gunia, kama alivyozoea kusikia, ni debe 6. Kwa hiyo magunia ni 10, na alikwisha kupiga hesabu ya fedha, akajua na sare za shule zitatoka wapi. Mnunuzi alikuja na magunia yake na watu wake wa kushindilia. Jioni baba alirudi na fedha za magunia 8. Hakuna mpunga uliomwagika njiani, wala hakuna ulioibwa usiku. Mvulana alikaa siku kadhaa na hesabu hiyo. Akaona pengine yeye ndiye hajui kugawanya.

Ndugu msomaji, jibu la fumbo hilo lina jina, na kila mkulima wa bonde la Kilombero analijua: lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, hushindiliwa, kisha juu yake hushonewa kilemba cha kamba au cha kipande cha gunia jingine, mpunga ukaendelea kuingia. Katika kisa hiki kila gunia lilimeza debe 7 na nusu. Gawanya 60 kwa 7 na nusu, utapata 8. Hesabu ya mvulana ilikuwa sahihi, na ya mnunuzi ilikuwa sahihi. Neno "gunia" ndilo lililokuwa na maana mbili, na bei ikawa moja.

Tazama jinsi udogo unavyodanganya. Debe moja na nusu juu ya gunia ni kilemba tu, mtu huona haya kukigombea. Lakini vilemba 8 ni debe 12, na debe 12 ni magunia 2 kamili. Magunia 2 katika 10 ni sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba kati ya kila ekari 5 alizolima mtu huyu, akapalilia, akafukuza ndege tangu alfajiri, akavuna na kupura, ekari 1 aliilima bure. Katika mirathi ya mimbari upungufu uligawanywa kwa wote. Katika lumbesa nyongeza yote huenda upande mmoja, na upungufu wote hubaki upande wa pili.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinakataza ufungashaji wa namna hiyo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia. Dawa inajulikana pia, nayo ni mizani. Kilo haina kilemba. Ukiuza kwa kilo, gunia likiwa na kofia au bila kofia, likishindiliwa au lisishindiliwe, mshale utasema kilichomo. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini basi aliwaachia.

"Ndugu mwandishi," alijibu, "mvua ilikuwa imekaribia na lori lilikuwa moja. Mwenye lori ndiye mwenye gunia. Ningesema sitaki, angekwenda nyumba ya pili, na pale angekubaliwa."

Hilo si swali la hesabu za darasa la sita, na sikuwa na njiti za kulifumbua. Akaongeza kwamba yeye na majirani zake wanazungumzia kuchanga ili wanunue mizani ya pamoja, na kwamba wako saba, na wawili bado wanasitasita. Bibi alikuwa amekwisha kulifunga daftari. Kabla ya kumrudishia mjukuu wake aliomba kalamu, akaongeza neno moja kila upande wa alama ya usawa. Asubuhi, nilipokuwa nikiaga, mvulana alinionyesha. Sasa iliandikwa hivi: magunia 10 ya nyumbani = magunia 8 ya mnunuzi. Chini yake yeye mwenyewe aliandika: debe 60 = debe 60.

Mafumbo ya Jumapili hii ni matatu. La kwanza ni la watoto: 5 + 5 + 5 = 550. Chora mstari mmoja mfupi ulionyooka ili iwe kweli, wala usiuguse mlinganyo kwenye alama ya usawa. La pili: mzee ameacha kuku 11, wa kwanza apate nusu, wa pili robo, wa tatu sudusi, na hapana kuku wa kuchinjwa; wagawie, kisha useme ni sehemu gani ya mali mzee aliisahau. La tatu nimetumwa na yule mvulana wa Viwanja Sitini, ambaye anasema ni la kweli na kwamba hataki kusaidiwa na mtu: 9 + 9 = 6. Majibu yatatoka Jumapili ijayo.